Kinachotoka Pamoja na Maji

Bonyeza kidole gumba juu ya mfupa wa muundi, shikilia kwa sekunde tano, kisha achia. Mguu mzima hurudi palepale kama ulivyokuwa. Mguu wa shangazi yangu haukurudi. Nilimkuta Lushoto ameketi barazani, na kidole changu kiliacha kishimo kwenye ngozi yake kama kile kinachobaki kwenye donge la unga wa chapati. Nilihesabu hadi ishirini kabla hakijaanza kujaa. Usiku alikuwa akilalia mito mitatu. Akiondoa mmoja tu, alikohoa na kuitafuta pumzi kama mtu aliyetoka kukimbizwa.

Miezi minane kabla ya siku ile aliambiwa hospitalini kwamba moyo wake umetanuka na umeshindwa kufanya kazi sawasawa, kwa sababu ya presha aliyokaa nayo miaka mingi bila kujua. Akapewa dawa, na miongoni mwake kile kidonge cha kutoa maji ambacho watu wengi hukiita Lasix hata pale boksi linapobeba jina jingine. Jina la dawa yenyewe ni furosemidi. Kilimtoa maji kweli. Miguu ilipungua, kisha ikajaa tena, wakamwongezea dozi. "Mwanangu," aliniambia, "maji yanatoka, lakini na nguvu nazo zinatoka."

Nilimwitikia kama tunavyowaitikia wagonjwa, kwa kumpa pole. Ilinichukua muda kutambua kwamba maneno yale yalikuwa na swali zuri la sayansi ndani yake. Maji yanapotoka mwilini hayatoki peke yake. Hutoka na chumvi, hutoka na potasiamu, na hutoka na vitamini moja ambayo moyo unaihitaji ili kupata nguvu ya kupiga. Ili tuelewe jinsi dawa inayookoa maisha inavyoweza kuuacha moyo na njaa, yafaa tuanze mbali kidogo, tangu kwenye chakula cha moyo wenyewe.

Kunja ngumi. Moyo wako una ukubwa unaokaribia huo. Kwa siku moja hupiga kama mara 100,000 na kusukuma damu ipatayo lita 7,000, yaani madumu 350 ya lita ishirini. Mtu anayeteka maji mtoni kwa dumu anajua uzito wa hesabu hiyo. Moyo huifanya kazi hiyo usiku na mchana, tangu mtu angali tumboni mwa mama yake, na hauna siku ya mapumziko.

Kazi hutaka nguvu, nasi hula ili kuipata. Lakini msuli wa moyo hauwezi kuchukua ugali ukautumia kama ulivyo. Chukulia mwenye duka anayeuza viberiti na chumvi za vipimo: ukimpelekea noti ya elfu kumi hakuhudumii mpaka ivunjwe kwanza. Chakula ni noti kubwa. Chenji inayotumika ndani ya seli ni kemikali iitwayo ATP, na kila msuli unapojikunja huwa umelipa kwa chenji hiyo. Jambo la kushangaza ni kwamba moyo hauna akiba yake. ATP iliyomo ndani yake wakati wowote inatosha mapigo machache tu, sekunde chache, basi. Kwa hiyo noti lazima zivunjwe bila kusita. Mpaka jua linapozama, moyo unakuwa umetengeneza na kutumia kilo kadhaa za ATP, mara nyingi zaidi ya uzito wake wenyewe, maana moyo wa mtu mzima una gramu mia tatu hivi.

Mahali noti zinapovunjwa ni ndani ya vijumba vidogo vya seli viitwavyo mitokondria. Katika seli za msuli wa moyo vijumba hivyo huchukua karibu theluthi ya nafasi yote. Hakuna haja ya kukariri majina yote ya kemikali zinazopita humo. Yatutosha kuijua njia. Sukari ya chakula ikifika kwenye seli hukatwa vipande viwili viitwavyo piruvati. Piruvati huingia mitokondria kwa kupita lango la kwanza. Ikishaingia huzungushwa katika mzunguko wa hatua nyingi, ule ambao mwanasayansi Hans Krebs aliueleza mwaka 1937, na kila hatua hunyofoa nguvu kidogo. Katikati ya mzunguko huo lipo lango la pili. Mafuta, ambayo ndiyo chakula kikuu cha moyo, yana njia yake ya kuingia, hayapiti lango la kwanza. Lakini la pili hayawezi kulikwepa. Sukari na mafuta hukutana hapo.

Kwenye kila lango yupo fundi, yaani kimeng'enya, na mafundi wa malango haya mawili hutumia chombo kimoja: vitamini B1, kwa jina lake jingine thiamini. Fundi bila thiamini ni kama fundi cherehani aliyekatikiwa na sindano. Kitambaa kipo, uzi upo, mashine ipo, na hakuna kinachoshonwa.

Hapa ndipo wengi tunapokosea tukisikia neno vitamini. Tunadhani ni kitu kinachotia nguvu, kama kuni za ziada motoni. Thiamini haiungui na haitoi nguvu hata chembe. Ni sindano. Na kwa kuwa sindano moja hushona nguo nyingi, mwili unahitaji kidogo mno: miligramu 1.2 kwa siku kwa mwanamume na 1.1 kwa mwanamke. Ukizipima kwa chumvi ya unga ni punje ishirini hivi, zinazoweza kukaa kwenye ncha ya kisu. Kwa sababu hiyohiyo kuongeza sindano mia kwa fundi mwenye sindano nzima hakumfanyi ashone haraka zaidi. Naomba msomaji alishike hilo, tutalihitaji mbele.

Sindano zikikatika, malango hufunga. Piruvati hurundikana nje na kugeuka asidi ya laktiki. Moyo unakuwa kama jiko la mkaa lililofungwa kile kimlango cha chini: mkaa umejaa hadi juu, lakini hakuna moto wa kuchemshia hata maji ya chai. Wakati huohuo mishipa midogo ya damu mwilini hulegea na kutanuka, moyo uliodhoofika ukalazimika kusukuma damu nyingi zaidi kuijaza, figo nazo zikadhani damu imepungua, zikaanza kuzuia chumvi na maji. Maji hayo huteremka miguuni. Ugonjwa huo una jina la zamani, beriberi, na aina hii inayovimbisha na kushambulia moyo huitwa beriberi ya maji. Ipo nyingine kavu, inayokula neva za miguu mpaka mtu anashindwa kutembea.

Kisa cha kugunduliwa kwa vitamini hii huanzia kwenye banda la kuku. Mwishoni mwa miaka ya 1880, daktari Mholanzi aitwaye Christiaan Eijkman alikuwa Batavia, mji ambao leo ni Jakarta, akitafuta kijidudu cha beriberi. Enzi hizo vijidudu ndivyo vilivyokuwa vikigunduliwa kila uchao, na kila ugonjwa ulidhaniwa una chake. Kuku wake wa maabara wakaanza kupepesuka na kuanguka, miguu imelegea kama ya wagonjwa wake. Halafu wakapona wenyewe. Alipochunguza akakuta kwamba kwa miezi kadhaa kuku walikuwa wakilishwa wali mweupe uliobaki jikoni mwa hospitali ya jeshi. Akaja mpishi mpya, akakataa kuwapa kuku wa kiraia wali wa jeshi, nao wakarudishiwa mchele usiokobolewa. Eijkman akajaribu kwa makusudi: wali mweupe, kuku wanaugua, pumba za mchele, kuku wanapona.

Hata hivyo yeye mwenyewe aliyasoma vibaya majibu yake. Alidhani wali mweupe una sumu na pumba zina dawa ya sumu hiyo. Mwenzake aliyeendeleza kazi, Gerrit Grijns, ndiye aliyesema mwaka 1901 kwamba hakuna sumu yoyote, ila kuna kitu kinachokosekana. Leo tunaona ni jambo jepesi. Wakati ule kufikiri kwamba mtu anaweza kuuawa na kitu ambacho hakipo kulihitaji akili iliyothubutu. Mwaka 1926, Batavia hukohuko, Jansen na Donath walifaulu kuitenga thiamini yenyewe kutoka kwenye pumba. Miaka mitatu baadaye Eijkman akapewa tuzo ya Nobel.

Kila nikifika kwa shangazi huwakumbuka kuku hao. Mahindi yake hupelekwa mashineni, yakakobolewa, yakarudi sembe nyeupe safi ya ugali, na kiroba cha pumba hupelekwa bandani. Sehemu kubwa ya thiamini ya punje ya mahindi imo kwenye kiini na tabaka za nje, yaani humo kwenye pumba. Kwa mchele tofauti inapimika wazi: gramu mia za mchele usiokobolewa zina kama miligramu 0.4 za thiamini, na zikishakobolewa na kung'arishwa hubaki chini ya 0.1. Kuku wa Eijkman waliugua kwa kula kile tunachokula sisi, na kuku wa shangazi wana afya kwa kula kile tunachokitupa.

Msomaji anaweza kusema beriberi ni habari ya kale na ya mbali. Basi twende Mogadishu, mwaka 2009. Wanajeshi wa Umoja wa Afrika waliokuwa wakilinda amani pale, kutoka Uganda na Burundi, walianza kuvimba miguu. Wengine walikosa pumzi, wengine moyo uliwaenda mbio. Kati ya Aprili 2009 na Mei 2010 waliougua walifika 241, na wanne wakafariki. Zaidi ya hamsini walisafirishwa kwa ndege hadi hospitali za Kenya na Uganda, na baadhi ya waliopimwa Kenya walikutwa upande wa kulia wa moyo umeshindwa kazi. Hawa walikuwa vijana wenye miili ya jeshi. Wataalamu walitafuta maambukizi, wakatafuta sumu, hawakuona kitu. Walipolinganisha wagonjwa na wenzao wazima, wakaona kwamba waliougua ni wale waliokula chakula cha kambini peke yake bila kuongezea chochote cha kununua uraiani, na waliokaa sehemu zenye mapigano makali zaidi.

Dalili zikafanana na beriberi ya maji. Wakapewa thiamini, wakapata nafuu kwa haraka iliyowashangaza waliokuwapo. Damu iliyokuwa imechukuliwa kwa wagonjwa 16 kabla ya tiba ilithibitisha upungufu. Wazima wote wakagawiwa vidonge, wagonjwa wapya wakapungua, na hakuna kifo kingine kilichoripotiwa.

Nakipenda kipimo chenyewe kilichotumika, kwa kuwa kinafuata mantiki ileile ya fundi na sindano. Chembe nyekundu za damu zina kimeng'enya kimoja, transketolasi, ambacho nacho hutumia thiamini. Mpimaji hukitazama kinavyofanya kazi kwenye kichupa, kisha hudondoshea thiamini na kukitazama tena. Kikiendelea kwa mwendo uleule, sindano zilikuwapo za kutosha. Kikizinduka na kuchapa kazi, kilikuwa kimekaa bure kikisubiri.

Lakini shangazi hakuwa mwanajeshi wa kambini. Anakula maharage yake, ana mboga bustanini, na moyo wake haukuharibiwa na beriberi. Uliharibiwa na presha. Thiamini inamhusu nini? Ili kulijibu hilo, tuingie kwenye figo.

Figo mbili kwa siku huchuja majimaji ya damu yapatayo lita 180. Hakuna anayekojoa lita 180, kwa hiyo ni wazi kwamba karibu yote hurudishwa. Figo hufanya kazi kama mama anayemwaga vitu vyote vya mkoba kitandani, akarudisha kimoja kimoja anachokitaka, na kilichobaki akakitupa. Thiamini imo kati ya vinavyomwagwa, kwa kuwa huyeyuka kwenye maji, na kati ya vinavyookotwa tena. Kuokota huko kunataka muda. Mkojo ukiteremka taratibu kwenye mifereji ya figo, nafasi ya kuirudisha ipo.

Furosemidi hufanya kazi kwenye kona moja ya mifereji hiyo. Huzuia chumvi isirudishwe, na chumvi inapobaki kwenye mkojo hubaki na maji. Mkojo unakuwa mwingi na wa kasi. Ndiyo maana mgonjwa hunywa kidonge hicho asubuhi, na ndiyo maana hapandi basi la safari ndefu siku hiyo. Watafiti waliwapa watu wenye afya nzuri dozi moja tu ya dawa hii wakapima mkojo wao, wakaona thiamini inayotoka inapanda kadiri mkojo unavyoongezeka. Ni kama shamba la mteremkoni, na watu wa milima ya Usambara, huko kwa shangazi Lushoto, wanalijua hili kuliko mimi: mvua ya kawaida huinywesha ardhi, mvua ya mafuriko hushuka na mbolea.

Laiti mwili ungekuwa na ghala kubwa, hasara hiyo isingekuwa na uzito. Vitamini B12 huwekwa kwenye ini ikatosha miaka. Thiamini ya mwili mzima ni kama miligramu 25 hadi 30, na isipoongezwa huanza kupungua ndani ya wiki mbili au tatu. Shangazi alikuwa na miezi minane kwenye vidonge.

Mgonjwa wa moyo huvuja pia kwa upande wa kuingiza. Utumbo nao huvimba maji kama miguu, hamu ya kula hupotea, tumbo hujaa upesi. Ameambiwa apunguze chumvi, chakula kikawa hakina ladha, naye, kama shangazi siku hizo, akawa anaishi zaidi kwa uji mweupe na chai. Kama anakunywa pombe, hiyo huzuia thiamini kufyonzwa. Hapo duara hujifunga: moyo unakosa thiamini unadhoofika, ukidhoofika maji yanajaa, maji yakijaa kidonge kinaongezwa, kidonge kikiongezwa thiamini inazidi kutoka. Na kwa nje, uvimbe wa beriberi na uvimbe wa moyo uliochoshwa na presha ni kishimo kilekile kwenye muundi. Ugonjwa wa pili hujificha nyuma ya wa kwanza.

Hili lina uzito zaidi kwetu kuliko kwa wengi. Uchunguzi mkubwa uliofanywa katika nchi tisa za Afrika, zikiwamo Kenya na Uganda, na kuchapishwa mwaka 2012, uliwafuatilia wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa sababu moyo umeshindwa kazi. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52, na sababu iliyoongoza ilikuwa presha. Ulaya na Marekani ugonjwa huu ni wa wazee wa miaka sabini na kuendelea. Kwetu unampata mtu anayelima bado na kusomesha watoto, mtu mwenye miaka mingi ya vidonge mbele yake.

Sasa ushahidi. Mwaka 1991 madaktari wa Israeli, Hanna Seligmann na wenzake, waliwapima wagonjwa 23 wa moyo waliokuwa wakitumia furosemidi kwa dozi kubwa. Ishirini na mmoja walikuwa na upungufu wa thiamini. Kati ya watu 16 wa kulinganishia, wawili tu. Kundi lilikuwa dogo, lakini tofauti kama hiyo huwezi kuipita kimyakimya. Mwaka 2006 uchunguzi wa Toronto, wenye wagonjwa mia moja waliolazwa, ulitoa picha ya wastani zaidi: upungufu ulikuwapo kwa theluthi ya wagonjwa, na kwa asilimia 12 ya watu wasio na ugonjwa huo.

Je, ukiwarudishia, moyo unapata nafuu? Mwaka 1995 Ilan Shimon na wenzake walichukua wagonjwa 30, nusu wakapewa sindano za thiamini miligramu 200 kila siku kwa wiki moja, nusu wakapewa maji matupu. Walipima kwa eko, yaani picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, kiasi cha damu ambacho moyo hukitoa katika kila pigo. Moyo mzima hutoa asilimia 55 au zaidi ya damu iliyomo kwenye chumba chake kikuu. Waliopata thiamini walipanda kutoka takriban asilimia 28 hadi 32, wenzao hawakusogea. Alama nne zinaonekana chache, ila kwa mtu anayeshindwa kupanda kilima cha kwenda kwake si haba.

Laiti habari ingeishia hapo, makala haya yangekuwa tangazo la dawa. Mwaka 2019 watafiti wa Canada walitoa matokeo ya jaribio la muda mrefu zaidi: wagonjwa 69 waliokuwa wakihudhuria kliniki kutoka nyumbani, miligramu 200 kila siku kwa miezi sita. Moyo haukubadilika kwa nafuu. Watu wengi husoma majaribio mawili yanayopingana wakahitimisha kwamba wanasayansi hawajui wanachosema. Mimi nayaona yote mawili yanakubaliana na ile sindano ya fundi. Mwenye upungufu ukimrudishia, malango hufunguka. Asiye na upungufu ukimpa, umemwongezea sindano mtu ambaye yake ni nzima. Swali la haki basi halipaswi kuwa "je, thiamini hutibu moyo?" Thiamini haitibu presha, haizibui vali, haifufui msuli uliokufa. Swali ni: huyu aliyeko mbele yangu, mwenye dozi kubwa ya Lasix, asiyekula vizuri, anayezidi kuchoka ingawa dawa zote anakunywa, je, amepungukiwa?

Na ni hapa ninapoona tunawaangusha wagonjwa. Kliniki hupima potasiamu kwa sababu inajulikana kwamba hutoka na mkojo. Thiamini hutoka kwa mlango huohuo, lakini kipimo chake si cha kila maabara, na kisichopimwa husahaulika. Vidonge vyake ni vya bei nafuu mno, na kwa kumeza, ziada hutoka na mkojo. Kwa sindano hutolewa hospitalini tu, kwa kuwa mara chache huleta mzio mkali. Daktari akishuku anaweza kumpa mgonjwa na kumwangalia, kama walivyofanyiwa wale wanajeshi. Anachohitaji ni mtu wa kumkumbusha.

Jikoni nako kuna la kufanya. Thiamini hukaa kwenye dona, kwenye ulezi, kwenye maharage, kunde, choroko na karanga. Hutoroka kwa maji: mchele ukioshwa mara nne mpaka maji yatoke safi, na maharage yakichemshwa na maji yake kumwagwa, sehemu yake imekwenda na maji hayo. Lakini jambo ninalotaka kulisema kwa sauti ni la magadi. Kwetu maharage magumu na makande hutiwa magadi yalainike upesi ili kuokoa kuni. Magadi huharibu thiamini, kwa sababu haistahimili kitu chenye asili ya majivu, hasa penye moto. Zaidi ya hapo, magadi ni sodiamu, sodiamu ileile ya chumvi inayozuia maji mwilini. Mgonjwa anaambiwa aache chumvi, anaacha, halafu anaila kwenye sufuria ya maharage bila mtu kumwambia. Shangazi hakuwahi kuulizwa kuhusu magadi. Mimi pia sikumuuliza mpaka nilipomwona akiyatia. Kuloweka maharage usiku kucha kunalainisha pia, na hakuna anayepata hasara.

Lisilofaa kabisa ni kuacha kidonge cha maji kwa kuogopa kinachotoka nacho. Mapafu yaliyojaa maji huua kwa siku chache, wakati upungufu wa thiamini hujazwa. Kidonge kinabaki, kinachotakiwa ni kurudisha kinachokwenda nacho.

Tulirudi kliniki pamoja. Daktari, kijana mpole aliyemwita "mama" kila sentensi, alisikiliza habari ya uji mweupe na magadi hadi mwisho. Akaongeza thiamini kwenye karatasi, na siku hiyohiyo akabadilisha dozi ya dawa ya presha. Akatutahadharisha yeye mwenyewe: akipata nafuu, msije mkasema ni hii au ile, maana nimegusa vitu viwili kwa pamoja. Nilimheshimu sana kwa maneno hayo.

Akamwagiza pia ajipime uzito kila asubuhi baada ya kukojoa na kabla ya kula, na uzito ukiruka kilo mbili ndani ya siku tatu arudi bila kusubiri tarehe. Shangazi akanunua daftari la shule la kurasa 48. Safu ya kwanza ameiandika uzito, ya pili mito, ya tatu vidonge. Ya nne aliiongeza mwenyewe, hakuna aliyemwambia. Kutoka nyumbani kwake hadi barabarani kuna ngazi zilizochongwa kwenye udongo wa mlima, 31 kwa hesabu yake, na kila jioni huandika amepanda ngapi kabla ya kusimama kupumua. Ukurasa wa kwanza una 6, 6, 5, 7. Nilipoondoka mara ya mwisho alinisindikiza mpaka ya 19, akashika mti, akaniambia nitangulie, yeye anaandika.